Masalio

Aikaeli alikopa Julai, pale Kiboriloni,
kwa miezi sita, rejesho kila Jumanne.
Akapiga hesabu kwa chaki ya fundi
juu ya kitambaa cha khaki: sita mara nne,
ishirini na nne. Akaifuta kwa kiganja.

Jumanne ya ishirini na nne alivaa viatu vya kanisani.
Kweka akafungua daftari, akalamba kidole.
"Bado mbili, mama."
"Mbili za nani?"
"Mwezi si wiki nne. Mwezi una masalio."

Masalio!
Kama vipande vinavyobaki chini ya cherehani,
havitoshi mfuko, havitoshi hata kola,
navyo hufagiwa.

Usiku akaitungua ukutani kalenda ya duka la pembejeo,
akaziokota siku: tatu za Julai, tatu za Agosti,
Septemba mbili, tatu, mbili, tatu,
kumi na sita.
Na zote alizishona. Mlima ulijifunika, ukajifunua,
Luku ilikata tarehe thelathini na moja
kama inavyokata tarehe yoyote.

Alilipa zote mbili. Hakulia.

Januari mwalimu mkuu akaleta kazi ya sare.
"Malipo kwa mwezi, kama kawaida."
Aikaeli akang'ata uzi.
"Kwa wiki, mwalimu."
"Si kilekile tu?"

Akainama chini ya meza,
akaokota kipande cha khaki, chembamba kama utepe,
akamwekea kiganjani.