Pengo

Daftari la zamu. Jumatatu.
Waliopo: mia sita na kumi na wawili.
Wagonjwa: watatu, mmoja wa kujifanya.
Ukuta: bado una pengo.

Kila zamu yangu naliandika neno hilo,
na mwalimu mkuu hulipigia mstari kwa wino mwekundu
kana kwamba nimekosea tahajia.

Matofali yaliishia upande wa Mikanjuni,
hatua kumi na nne kutoka choo cha wasichana.
Tulichanga: elfu tano kila mzazi,
mwingine jogoo, mwingine debe la chokaa.
Fedha zikakata kauli kabla ukuta haujakata kona,
shule ikabaki inacheka
kama mtoto wa darasa la pili.

Kikao kiliwaka.
"Usipoziba ufa," mkuu akaanza,
"tumeshajenga ukuta, mwalimu," sauti ikamdakia, "ufa ndio uliobaki."
Wakasema miba. Wakasema mbwa.
Mmoja akasema wezi wote hutoka ng'ambo ya reli,
na watu wa ng'ambo ya reli
walikuwa benchi la nyuma, kimya,
stakabadhi za mchango zimekunjwa viganjani.

Ndipo akainuka Bi Mwantumu wa bajia,
unga wa dengu hadi kwenye viwiko.
"Elfu tano sina. Macho ninayo,
na asubuhi nzima sina wa kumtazama."

Kesho yake jiko lake lilikuwa pengoni.
Keshokutwa Hiza akaleta pampu na baiskeli tatu zilizopinduliwa.
Wiki haijaisha, cherehani ya mama Shekue,
kutoka huko huko ng'ambo ya reli.
Sikumwomba mtu. Niliandika tu:
*pengo lina watu.*

Alhamisi moja, jua la saa nne,
akaja mwanamume, shati limepigwa pasi.
Amemfuata Kibibi wa darasa la tatu. Yeye ni mjomba.
"Karibu, mjomba," akasema Bi Mwantumu, akigeuza bajia.
"Bibi yake Kibibi anaitwa nani?"

Mafuta yakachemka peke yake.

Akagonga karai kwa upawa, mara tatu.
Hiza akaacha gurudumu linazunguka.
Mama Shekue akaja na sindano bado mdomoni,
wakatoka watu nisiowajua hata majina,
waliofika kabla sijaifikia kengele.
Hatukumpiga. Nataka iandikwe hivyo.
Tulimzunguka, tukamtazama
mpaka mtendaji wa mtaa alipokuja kumchukua.
Mpaka leo sijui alitaka nini.

Darasa la tatu walikuwa kwenye saba mara nane.
Kibibi alijibu hamsini na nne.
Nilimsahihisha, sauti ikinitetemeka,
akadhani nimekasirika.

Mwezi uliopita mfadhili akaleta saruji, mifuko thelathini.
Kikao tena. Mkuu alisimama, akatazama dirishani kwa muda mrefu,
akamuuliza fundi bei ya baraza.

Basi tumejenga baraza, ndefu, pande zote mbili za pengo,
na kijigeti cha kufunga usiku.
Yule aliyesema habari za wezi ndiye aliyekoroga zege;
hakuomba radhi, lakini alikoroga vizuri.
Hiza bado anadaiwa bajia za tangu Ramadhani.

Daftari la zamu. Jumatatu.
Waliopo: mia sita na kumi na watatu. Mgeni mmoja, amehamia kutoka Muheza,
keshaulizwa jina la bibi yake.
Ukuta: bado una pengo.

Wino mwekundu sikuuona.