Ndoo Mbili za Februari

Baba aliniachia funguo, bili ya umeme,
na kambare saba wasiozidi kidole gumba.
"Saba," alisema akihangaika na kifungo cha koti,
"wasipungue. Wawili hujificha hadi wafe kwa haya."
Kisha gari la wagonjwa likateremka naye
kuelekea hospitali kuu ya Ostrava,
na theluji ikafuta alama za magurudumu.

Miaka thelathini na mmoja alichimba makaa
chini ya mji huu huu, mita mia nane gizani.
Sasa kifua chake hupiga mluzi kama birika.
Ndiyo maana, nadhani, hakununua samaki wa rangi,
wale wanaojishaua karibu na taa.
Alichagua hawa wakaa chini, wapekuzi,
wenye sharubu za mzee na deraya ya mifupa,
wanaozamisha pua mchangani
na kuutema mchanga kwenye mashavu
kama mtu apepetaye unga.

Akipiga simu kutoka wodini huwauliza wao kwanza.
"Mchanga laini, Hedvika. Changarawe hukata sharubu,
na kambare bila sharubu ni mimi bila taa ya kofia."
"Usiwape masalio. Si wafagiaji hao.
Watu huwatia wale uchafu wa wenzao,
halafu wanashangaa mbona wamekonda.
Washushie tonge lao, usiku, lizame."
Na mimi, Baba, nimekula nini?
"Wewe una mikono."

Usiku wa kwanza nilidhani wanakata roho.
Mmoja alichomoka chini kama mshale,
akapasua uso wa maji, akameza hewa,
akarudi mchangani na kiputo chake.
Kisha wa pili. Nikapiga simu saa tano usiku.
Alicheka hadi muuguzi akaja mbio.
"Wanapumulia utumbo pia, mwanangu.
Hewa ya chini ikiwa haba, wanapanda kuazima,
halafu wanarudi kazini. Lifti ya mgodi."
Nyuma ya sauti yake
mashine ya oksijeni ilikuwa ikihesabu.

Alhamisi bomba la maji ya moto likapasuka, jengo zima.
Ndiyo ilikuwa siku ya kubadili maji:
theluthi moja, alisisitiza, yalingane joto,
tia kiwiko upime, kama maji ya kuogeshea mtoto.
Nilikuwa nimetoka zamu, miguu imevimba.
Kiwiko kilijua. Mkono ukamimina tu,
ndoo mbili, baridi ya Februari tupu.
Wote saba wakalala chini, mapezi wameyabana.

Sikupata usingizi.
Nilitunga namna ya kumwambia, nikaitangua,
nikatunga nyingine iliyokuwa uongo.

Alfajiri nikasikia kioo kikigongwa.
Walikuwa wakifukuzana pembe hadi pembe,
na jike moja, mnene kuliko wenzake,
amekunja mapezi ya tumbo kama viganja vichotavyo maji,
akapanda, akabusu kioo, akabandika.
Mayai. Kama chembe za ulezi.
Nilihesabu kumi na tisa, nikapotea, nikaanza upya.

Nikakiri kwanza baridi, mayai baadaye.
Kimya. Kikohozi. Kimya tena.
"Umewanyeshea," akasema.
Kwamba huko kwao, kwenye kijito asichoweza kukitamka,
masika hubisha hodi hivyo, maji ya baridi ghafla kutoka juu.
"Miaka minne najaribu. Miaka minne, Hedvika,
na kiwiko changu hiki cha adabu!"

Yabandue upesi, akaamuru, kabla wazazi hawajayala.
Nilitumia kitambulisho chake cha mgodi,
plastiki iliyolika pembe, uso wake wa ujana
ukipita polepole juu ya kioo.
Matatu yamegeuka meupe, nimeyatupa.
Mengine yana doa jeusi ndani, na doa linatikisika.

Siku tatu, labda nne, alisema.
Daktari naye amesema Jumatatu.
Nimehesabu kwa vidole vinavyonuka mchanga,
na leo, kabla ya kumwaga chochote,
nimetia kiwiko.