Visiwa vya Mtu Nisiyemjua

Saa nane mchana, Umeå kumekwisha kuwa giza.
Theluji imeziba nusu ya dirisha la maabara,
na ndani ya sanduku la barafu, kwa ndege ya asubuhi,
wameniletea kongosho la mwanamume wa miaka arobaini na mmoja.
Jina sikuambiwa. Niliambiwa uzito,
kundi la damu, na kwamba hakuwa mvutaji.

Mimi Hjördis, fundi wa hadubini, mwaka wa thelathini na moja kazini,
nimelichambua kama mtu achambuaye mchele:
huku makapi, huku visiwa.
Ndiyo, visiwa. Ndivyo tuviitavyo,
vidogo kuliko chembe ya chumvi,
vimelala katika maji ya waridi
havijui kwamba bara limezama.

Kwanza navipa habari tupu:
tone la homoni ya utumbo, ile itanguliayo mbele ya chakula
ikipaza sauti, "Kinakuja!"
Inafika ukutani kwa seli, inabisha hodi.
Haiingii. Haijapata kuingia hata siku moja.
Inashika kipokezi kama kiganja kishikavyo komeo,
na upande wa pili wa utando
protini moja inashtuka, inamgusa jirani,
jirani anaanza kutoa wajumbe wadogo, mia, elfu,
wanaokimbia uani wakinong'ona
habari ya mgeni wasiyemwona.

Nangoja.
Kioo cheusi.
Seli zimesikia, hazitoi kitu.
Habari ya chakula bila chakula ni uvumi,
na hizi hazikulelewa kwa uvumi.

Basi naongeza sukari.
Sukari haina adabu ya kubisha. Inapita moja kwa moja hadi jikoni,
inachomwa, na joto lake linafunga milango ya potasiamu,
chaji inapanda ukutani
mpaka milango ya kalsiamu inaachia kwa mpigo.
Rangi niliyozitilia inawaka kijani:
seli moja, ya pili, kisiwa kizima,
kinawaka, kinafifia, kinawaka.
Na kwa kuwa wale wajumbe walikwisha kupita
wakasogeza vifuko vya insulini kizingitini,
vinafunguka maradufu, vinamwaga.

Vinammwagia nani?
Mahali fulani watu wanatafuta suti yake nyeusi,
wanabishana kuhusu viatu,
na visiwa vyake hapa vinapokea mlo asioula.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, Sixten tisa,
alipoanza kuamka usiku kunywa bombani
kinywa kikiwa chini ya maji, bila glasi.
Askari wa mwili wake mwenyewe walikuwa wameingia visiwani
wakachoma nyumba baada ya nyumba, kwa kosa ambalo
hakuna daktari aliyeweza kutusomea.
Tangu siku hiyo ndugu yangu anakula,
utumbo unatuma habari kwa uaminifu ule ule,
na homoni inabisha katika mtaa mtupu.
Sindano ndiyo iitikiayo, kwa kukadiria.

Tone la mwisho ni adrenalini.
Sipendi sehemu hii, lakini imo kwenye ratiba.
Nayo inabisha, mlango wake mwingine,
na neno lake ni moja: nyamazeni.
Wakati wa kukimbia si wakati wa kuweka akiba.
Kijani kinakatika, seli moja baada ya nyingine.
Mtu amekufa tangu juzi,
na bado kuna kitu chake kinachoweza kuogopa.

Naandika namba. Nazima taa.
Koridoni, kwenye meza ya plastiki yenye alama za vikombe,
naumega mkate wa mdalasini wa jana,
na kabla sijameza, bila kuniomba ruhusa,
najua hodi ya kwanza imeshapigwa huko ndani
na kuna aliyeamka.

Simu inatetemeka. Sixten:
"Nne nukta moja, inashuka. Nakunywa juisi.
Wewe je, umekula?"