Moja kwa Mia

Kichupa cha rangi ya kijivu, ujazo wa vijiko viwili vya chai,
kinatoka ng'ambo kwa elfu ishirini na mbili,
ushuru haujaguswa.
Nilipiga hesabu kwenye kiganja nikacheka:
kwa bei ile bora ningeipaka meli yenyewe, ile ya kweli,
kama isingekuwa imeshakatwa vipande, ikauzwa kwa kilo,
leo ni nondo ndani ya kuta za watu.

Basi nikaanzia jikoni.

Ubavu wake ni boksi la viatu vya shule vya Shija.
Bomba la moshi, kifuniko cha dawa ya meno.
Mlingoti ni njiti ya fagio, na fagio halikulalamika.
Madirisha ya duara niliyatoboa kwa kalamu iliyokwisha wino,
arobaini na mawili,
la thelathini na tisa likachanika
nikalibandikia pazia.

Reli za sitaha nilizipata mwalo wa Kirumba
kwa fundi nyavu anayeketi na kidole gumba cha mguu
kimenasa kamba.
"Kipande kilichochanika tu," nikamwambia, "cha dagaa."
Tundu lake milimita nane;
kwa kipimo changu sentimita themanini,
kiunoni kabisa mwa abiria anayechungulia maji.
Hakuna kiwanda kingenikatia vizuri zaidi.

Gundi ilikuwa uji wa muhogo.
Usiku wa kwanza mende wakala chumba cha nahodha.
Nikapika mwingine kwa maji ya mwarobaini.

Minza akashika chupa yake ya rangi ya kucha, akaiinua kwenye taa:
"Nimeinunua Makoroboi juzi. Juzi!
Meli ing'ae, mimi nitembee na kucha za mchimba mihogo?"
Nilikuwa nimeichanganya na masizi ya sufuria,
kijivu kikatoka kilekile, cha asubuhi ya mvua.
Sikujibu. Kutu nilipaka chai kavu na vumbi la tofali.
Akasimama. Akaondoka.
Akarudi na wanja
akachora mstari wa maji toka omo hadi tezi
bila mkono kutikisika,
mimi niliyekuwa nimeukosea mara nne.

Kilichonishinda ni jiwe.
Mwanza! Jiwe lipo mlangoni, jiwe lipo chini ya kitanda cha jirani,
nikaokota moja nikaliweka kando ya gati
likaonekana kokoto.
Chembe zake kubwa mno, kumetameta kwake kukubwa mno,
jiwe la kweli halijui kujifanya dogo.
Nikalitupa.
Nikafinyanga gazeti la juma lililopita kwa uji na majivu,
nikalikuna na mswaki,
na ule mwamba ukasimama majini
na alama nyeupe ya kinyesi cha mnandi, tone la chokaa.

Ziwa nalo si la buluu, yeyote asikudanganye.
Ni kijani cha supu ya jana.

Nikampelekea baba Igogo, nimeifunika kwa kanga.
Miaka ishirini na sita alikuwa mpaka grisi
chini kule ambako dirisha hakuna.
Akaizunguka. Akainama. Pumzi yake ikatikisa bendera.
"Ngazi ya injini ilikuwa kushoto," akasema.
Nikatoa wembe, nikaing'oa pale pale.
Akanyamaza mpaka gundi ikashika.
Halafu, kama anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua:
"Na mimi niko wapi?"

Sikuwa nimeweka mtu hata mmoja.

Nikaomba kiberiti.
Mita moja na sabini: milimita kumi na saba,
haifiki nusu ya njiti.
Nilipoelekeza wembe upande wa baruti, akanishika mkono.
"Hapo pa juu pasiguswe," akasema.
"Nilikuwa na kofia nyekundu."