Wadoezi

Nilialika mmoja.
Programu ndogo ya kugeuza barua kuwa pidiefu,
ya bure, kwa ajili ya kadi za harusi ya kina Skanda,
mia mbili na hamsini, Alhamisi ziwe tayari,
na umeme wa Langoni ulikwisha kunikonyeza mara mbili.

Alikuja na ukoo.

Asubuhi nafungua duka, nawasha mashine, nasubiri.
Chai ya tangawizi inapoa, nasubiri.
Ukurasa wangu wa mwanzo umehamishwa bila notisi,
pamekaa mtafutaji nisiyemjua, jina lake kama dawa ya minyoo,
juu yake ukanda wa vitufe: bahati nasibu, nyota za leo,
hali ya hewa ya mji fulani wenye theluji,
na pembeni dirisha jekundu linapiga mayowe:
MAKOSA 1,312! KOMPYUTA YAKO INAKUFA! LIPA IPONE!
Jana haikuwa inakufa.
Jana ilikuwa nzee tu, kama mwenyewe.

Bi Mwanaidi Skanda, mama wa bibi harusi,
alikuja kuulizia kadi akakuta ninatukana kioo.
Akainamisha miwani, akasoma, akacheka.
"Wadoezi hawa. Kwetu twawajua.
Upande wa bwana husema ni wa bibi,
upande wa bibi husema ni wa bwana,
na sinia ya pilau haiulizi mtu jina."

Nikaipanga orodha ya programu kwa tarehe,
maana jina hudanganya, tarehe haina mazoea hayo.
Saba. Jumanne, saa tatu na dakika kumi na nne usiku.
Wote dakika moja, mlango mmoja.

Wa kwanza alitoka kimya.
Wa pili akaniuliza, una hakika?
Wa tatu akaniwekea kitufe kinene cha BAKI NASI
na chini yake, kwa rangi ya vumbi, neno ondoa.
Wa nne akaleta picha ya mtoto wa paka analia.
Wa tano nilimwondoa, nikazima, nikawasha,
nikamkuta ameketi palepale,
kwa kuwa wa sita alimwachia ufunguo.
Ikabidi niingie ndani ya kivinjari,
nyongeza moja baada ya nyingine, ning'oe na mizizi,
kisha nikachukue kifagio cha kweli
nyumbani kwa aliyekitengeneza, si kwa madalali
wenye vitufe vya kijani vikubwa kama milango.

Wa saba ndiye niliyemwalika.
Nilimtazama muda mrefu.
Naye nikamtoa.

Nani aliwafungulia?
Nikarudi kwenye ile pakiti, safari hii kwa macho.
*Njia ya haraka, inapendekezwa.*
Na kando, herufi za kufifia: *nitachagua mwenyewe.*
Ndani yake visanduku sita, kila kimoja kimetiwa tiki
na mkono usio wangu,
vikinisubiri nivifute. Sikuvifuta.

Sikuibiwa. Hilo ndilo lililonichoma.
Kadhi huuliza mbele ya mashahidi,
bwana harusi hujibu kwa sauti, wazee wametega masikio.
Mimi nilikubali, nikakubali, nikakubali,
peke yangu, kwa kidole kimoja, nikiwaza umeme.

Nimebandika karatasi juu ya mashine,
kwa ajili ya vijana wanaokuja kuandika barua za kazi,
na kwa ajili yangu:

*Usibofye kwa haraka, soma visanduku kwanza,*
*mmoja ukimtaka, wenziwe watakuponza.*

Kadi zilitoka Jumatano usiku, wino ukigoma mwishoni.
Mashine imepata pumzi, ingawa kila nikiwasha,
kwa nukta moja, kwenye kona,
naona theluji.

Bi Mwanaidi alihesabu zote mbili mbili,
akachomoa moja, akaomba kalamu,
akaandika jina langu, Lali Kupi,
akafikiri kidogo,
akaongeza: *peke yake.*