Haiuzwi

Kondo fundi maandishi alikuja na kopo la rangi nyekundu
na brashi iliyonyonyoka nusu.
Niandike nini?
Shangazi Mwantumu akasema: Nyumba hii haiuzwi.
Herufi moja mia tano, mama.
Shangazi akahesabu kwa vidole. Kumi na sita. Elfu nane.
"Toa hiyo *hii*," Kondo akamwonea huruma,
"si wataiona imesimama hapahapa?"
"Nyingine ziuzwe," akajibu. "Hii ndiyo haiuzwi."

Magomeni nzima hakuna aliyewahi kuiulizia nyumba ile.
Rangi haijakauka, dalali akapiga hodi:
"Mama, nimeona tangazo. Mnataka ngapi?"
Shangazi akamwelekeza ukutani.
"Nimesoma," akasema dalali.
"Ndiyo maana nimekuja."

Nilikuwa mtoto, ulimi mwekundu kwa ubuyu,
nikadhani neno ni msumari: ukiligonga limekaa.
Kumbe linashuka ukutani, linaondoka na msomaji,
na huko aendako linalala kwenye kitanda
alichotandika yeye.

Masika ya pili, maji ya bati la jirani
yakalamba mstari wa chini, upande wa kushoto,
yakaenda na HA.
Ukuta ukabaki unasema IUZWI,
neno ambalo hakuna kamusi italikaribisha.
Mwalami akacheka: sasa nusu inauzwa!
Lakini wapita njia walisoma kilekile, wakapita.
Nikasimama kuitazama ile I ya mwisho,
nyembamba, njiti ya kiberiti,
imebeba kukataa kote peke yake,
na matofali, na choo cha uani, na kaburi la paka.
Walinzi walikuwa wawili tangu mwanzo,
mmoja mbele, mmoja nyuma.
Wa mbele alipochukuliwa na maji
wa nyuma hakusinzia.

Shangazi tumemzika Ijumaa.
Jana, uani, vikombe vya kahawa havijaoshwa,
Mwalami akakohoa: "Mimi sisemi tuuze."
Hakuna aliyekuwa amesema tuuze.
Tukaanza wote kuangalia paa,
kila mmoja akigawanya kimoyomoyo.

Usiku nikampigia Kondo. Sauti imezeeka.
Herufi sasa elfu mbili, akasema.
"Nije niirudishe HA?"

Nikanyamaza.
Nilikuwa natafuta neno, hilo tu.

"Haya," akasema Kondo, "nimekuelewa."
Akakata simu.
Mpaka sasa sijui
alielewa nini.