Kiwiliwili Kimoja

Bunduki yetu ilikuwa moja,
mitutu yake mitatu,
imelala nyuma ya mlango wa stoo
ndani ya soksi za sufu alizofuma mama,
soksi ndefu zisizo za mguu wa mtu.

Mmoja mnene, wa marisawa, wa kware wa vichakani.
Mmoja mwembamba, wa kuchakuro.
Wa tatu mzito, wa kulungu wa Novemba,
wakati kaskazini ya Michigan theluji inafika magotini
na kiwanda cha mbao kinafungwa wiki nzima
kwa kuwa hakuna atakayekuja kazini.

Baba, Urho Kangas, alitoa maneno kama risasi:
moja ndani, moja mfukoni, basi.
Akifundisha, vidole ndivyo vilivyosema.
Vunja bunduki kwanza. Chungulia.
Tia kidole, uhakikishe tundu li tupu.
Kisha bisibisi: skrubu moja tu
chini ya ubao wa mbele;
ubao ukamwangukia kiganjani,
mtutu ukainama kwenye bawaba yake
ukang'oka kama jino la utotoni.

"Si kila mtutu huolewa na kila kiwiliwili."
Hiyo ndiyo hotuba yake ndefu kuliko zote.
Akachukua karatasi ya sigara, akaipenyeza mwanyani.
Ikikwama, ndoa ipo.
Ikipita, rudisha mahari.

Mtutu wa kulungu ulipitisha karatasi.
Basi Februari akakifunga kiwiliwili kwenye boksi la viatu,
gazeti, kamba, gazeti tena,
akakipeleka posta, kiende kiwandani
wakikioanishe na mtutu mpya
kwa tupa na kwa jicho.
Wiki saba
tulikuwa na mitutu, tuna kitako, hatuna bunduki.
Mama alisema hajapata kulala vizuri namna ile.

Kitako kilikuwa cha mti wa jozi,
jozi isiyo na jozi yake.
Kaka yangu Waino alipotimiza miaka kumi
kidole hakikufika kifyatulio,
baba akakikata kitako kwa msumeno wa chuma
na kile kipande akakipasua vitatu, kama mkate,
akavitia kwenye kopo la kahawa.
Mwaka mmoja, mkono ukirefuka,
kipande kimoja kikarudi, na skrubu ndefu zaidi.
Mwaka mwingine, cha pili.
Nilipofika zamu yangu vikatoka tena vyote,
nami nikaanza kurudishiwa,
kidole kwa kidole,
hadi nikaolewa nikiwa na kitako kizima.

Baba alikufa Januari.
Walileta trekta lenye jino kupasua ardhi.
Waino hakuitaka bunduki; ana duka la simu huko Duluth.

Jana nimeiweka mezani, juu ya gazeti,
nimpimie binti yangu.
Brenna ana miaka kumi na mitatu na mikono ya babu yake:
kitako kizima, hakuna cha kupunguza.
Nikawa nafuta grisi, naondoka.

"Ngoja," mama akasema. Hilja, themanini na moja,
ameketi na sweta mbili.
"Nipe mimi."
Akajaribu. Bega lilikuwa limerudi nyuma, shingo imezama.
"Toa kimoja."
Nikatoa kimoja.
"Toa."
Bisibisi ilinitetemeka kidogo.
Nikatoa vyote vitatu,
na kitako kikamkaa begani
palepale kilipomkaa Waino wa miaka kumi.

Brenna alishika vile vipande kiganjani,
vyembamba, vimeng'aa kwa jasho la watu wengine.
"Na hivi?"

Mama hakujibu.
Alikuwa ameivunja bunduki kwenye bawaba,
ametia kidole kwenye tundu,
anakizungusha taratibu,
anahakikisha.